Riwaya ikigeuzwa filamu, mpangilio wa wakati uvurugwe kiasi gani? Swali kutokana na filamu ya Thailand, Headshot

Msomaji wa Shangani (Mtwara Mjini):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Sisi ni kikundi cha wasomaji tisa hapa Mtwara Mjini, na kila Jumamosi jioni hukutana barazani kwa mwenzetu mmoja huku Shangani kusoma riwaya na kuzijadili. Tangu msimu wa korosho uliopita tumeingiwa na hamu ya kuandika muswada wa filamu kutokana na hadithi ndefu aliyoitunga mmoja wetu. Kabla ya kushika kalamu tulikubaliana kutazama filamu kadhaa zilizozaliwa na riwaya, na tusiishie kwenye zile za Marekani pekee, ili tuone wenzetu wa mbali wanaifanyaje kazi hiyo. Wiki mbili zilizopita ilikuwa zamu ya Headshot, filamu ya Thailand ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Pen-Ek Ratanaruang kutokana na riwaya ya Win Lyovarin, ambayo nchi yake iliiteua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar za 85, kundi la filamu za lugha za kigeni. Jina lake la Kithai, Fon Tok Kuen Fah, lina maana ya mvua inayonyesha kuelekea mbinguni. Jina hilo ndilo lililotufanya tuichague.

Kwa faida ya ambaye hajaiona, na kwa kumwomba radhi anayetaka kuitazama bila kuambiwa, kisa chenyewe ni hiki. Tul ni askari mwadilifu. Kazi yake inamgusa mwanasiasa mwenye nguvu, anatishwa, anakataa kulegea, na hatimaye anabambikiwa kesi ya kosa ambalo hakulitenda. Moyo ukiwa umeshamvunjika, anaingizwa katika kundi la siri linalowaua watu ambao mkono wa sheria hauwafikii. Siku moja, akiwa katika kazi hiyo, anapigwa risasi ya kichwa. Anapozinduka baada ya kupoteza fahamu kwa miezi mitatu, anaiona dunia nzima kichwa chini miguu juu, na hapo anaanza kuitilia shaka kazi yake. Anapotaka kuiacha, mwindaji anageuka kuwa windo.

Filamu, hata hivyo, haikisimulii kisa kwa mpangilio huo. Inaanza Tul akiwa muuaji tayari, inarudi nyuma, inakwenda mbele, inarudi tena. Tuliitazama kwa projekta ndogo iliyomulika shuka jeupe tulilolifunga kwenye nguzo mbili za baraza. Mazungumzo ni ya Kithai na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, hivyo kazi ya kuyatamka kwa Kiswahili ilikuwa yangu, nikisoma kwa sauti huku picha zinakimbia. Kufikia mara ya tatu ya kurudi nyuma, wenzetu wawili walikuwa wameshaaga. Mzee mmoja jirani, tuliyemkaribisha kwa heshima, aliniuliza katikati ya filamu: "Huyu sasa ni yule wa mwanzo au ni mwingine?" Sikuwa na jibu la haraka, na swali lake limenikaa tangu siku ile.

Hadithi yetu inamhusu karani wa mizani katika ghala la korosho. Anakataa kuandika uzito wa uongo, anasingiziwa wizi, anafukuzwa, na mwishoni yeye mwenyewe anajiingiza katika kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho wa mlango wa nyuma, nje ya chama cha ushirika na nje ya mnada. Mtaona kwamba njia ya karani huyu na ya Tul zinafanana. Tatizo ni kwamba katika maandishi, mwenzetu ametumia kurasa nyingi kueleza anachokiwaza karani usiku kucha, na mawazo hayapigwi picha.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, kuvuruga wakati katika filamu ya namna hii kunamsaidia mtazamaji au kunamchosha tu? Pili, kule kuona juu chini ni kiini cha kisa, au ni pambo ambalo filamu ingeweza kuishi bila yake?

Fundi Picha (Lindi):

Ndugu Msomaji, kazi yangu ni kupiga video za harusi na kuzihariri hapa Lindi, kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayeshinda kutwa akikata vipande na kuviunga.

Nianze na wakati. Kitazame kisa cha Tul kama ulivyokinyoosha wewe mwenyewe katika aya yako ya pili: askari mwema, kesi ya kubambikiwa, kundi la siri, risasi, macho kugeuka. Kinaeleweka vizuri mno, na hapo ndipo penye kasoro. Kikisimuliwa hivyo, mtazamaji atamhurumia Tul tangu dakika ya kwanza, na kila atakachokifanya baadaye, hata kuua, kitakuwa kimeshapata udhuru kabla hakijatendeka. Pen-Ek amekataa kutupa raha hiyo. Anatuletea kwanza mtu aliyenyoa kichwa na kuvaa vazi la mtawa wa Kibudha ili aende kuua. Tunamhukumu papo hapo, tena kwa haki. Kisha anaturudisha nyuma kipande kwa kipande, na kila kipande kinatulazimisha kuifungua upya hukumu tuliyokwisha kuipitisha. Mpangilio ulionyooka hauwezi kuifanya kazi hiyo hata ungeandikwa na nani.

Vazi lile nalo lina uzito ambao huenda ulipotea pale barazani. Katika Thailand watawa hupita mitaani alfajiri na mabakuli yao, na waumini huwasubiri milangoni na chakula, wakawainamia. Anayeua ndani ya vazi hilo ameua na kukufuru kwa mara moja. Kama ungewaambia wenzako kabla ya filamu kuanza, ukawaomba wafikirie mtu aliyevaa kanzu na kofia, tasbihi mkononi, anayeitikiwa salamu na kila anayempita njiani, nadhani baraza zima lingenyamaza.

Sasa kuhusu waliochoka. Kwa mtazamo wangu hawakuchoshwa na mbinu rejeshi yenyewe, kwani hiyo wanaijua tangu shuleni na wameikuta katika riwaya za upelelezi za Kiswahili. Walichokosa ni mtu wa kuwashika mkono. Nilipokuwa mdogo, karibu na stendi ya mabasi hapa Lindi palikuwa na kibanda cha video, na mfasiri wake hakuwa akitafsiri maneno tu. Picha iliporudi nyuma, aliisimamisha sauti ya wahusika na kutamka: "Hapa tumerudi, huyu bado hajafungwa." Ilikuwa sentensi moja fupi, na hakuna aliyepotea. Wewe ulikuwa unasoma maandishi ya chini, na maandishi ya chini hayasemi tuko mwaka gani. Ukiirudia filamu, mwangalie Tul kichwani: askari mwenye nywele zake, kisha mtawa aliyenyolewa. Waambie watazamaji wazifuate nywele. Katika muswada wenu mpeni karani alama ya namna hiyo, iwe shati, iwe kovu, iwe baiskeli ambayo baadaye hana tena.

Kuhusu swali la pili, kwanza zihesabu picha zilizogeuzwa. Utashangaa jinsi zilivyo chache. Mwongozaji mwingine angetupindua dakika 40 nzima hadi tuumwe kichwa. Huyu anatupa kidogo tu, kisha anairudisha kamera sawa na kutuacha tukumbuke wenyewe kwamba mtu aliye mbele yetu haoni kama tunavyoona. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika filamu ile.

Wala si mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1999 mwongozaji huyuhuyu alitoa filamu iitwayo 6ixtynin9, kuhusu msichana wa Bangkok anayepoteza kazi baada ya msukosuko wa uchumi ulioikumba Thailand mwaka 1997, ambapo wafanyakazi wanachaguliwa kwa bahati nasibu kujua nani aondoke. Asubuhi moja anakuta mlangoni pake katoni ya tambi iliyojaa noti, na noti hizo si zake. Chumba chake ni namba 6, lakini msumari wa juu umelegea, tarakimu imezunguka na kuning'inia, na anayepita ukumbini anasoma 9. Msumari mmoja ulegee, na watu wanaanza kufa. Kwa hiyo alipoikuta riwaya ya mtu anayeiona dunia imepinduka, naamini alikuta kitu alichokuwa akikitafuta miaka yote: kitu kimoja kinachoonekana kwa jicho, kinachobeba yale ambayo mwandishi aliyaeleza kwa kurasa. Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yenu. Yaacheni mawazo ya karani kwenye karatasi. Utafuteni msumari wake.

Muuguzi wa Macho (Lindi):

Naomba niongeze jambo moja kutoka katika kazi yangu, kwa sababu swali la pili linalihusu jicho.

Picha inayotua nyuma ya jicho la kila mmoja wetu iko juu chini tangu tunapozaliwa. Lenzi ya jicho hupindua nuru kama lenzi yoyote ile, na ubongo ndio unaotufanya tuione dunia imesimama. Hii ina maana kwamba ukitaka mtu aone kichwa chini, usiliguse jicho lake. Gusa kinachofanyika baada ya jicho. Mwandishi aliyeichagua risasi ya kichwa hakukosea mahali. Macho ya Tul ni mazima. Kilichoharibika ni ule upatanisho wa siri kati ya anachokipokea na anachokiamini.

Yupo mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, George Stratton, ambaye katika miaka ya 1890 alivaa lenzi zilizoigeuza dunia juu chini, na katika jaribio lake la pili aliendelea nazo kwa siku nane. Siku za mwanzo alinyoosha mkono juu kukitafuta kilichokuwa chini, na kutembea kulimtaabisha. Kadiri siku zilivyopita, mwendo wake ukawa mwepesi na mikono ikajifunza. Alipozivua lenzi, dunia iliyo sawa ndiyo iliyomchanganya kwa muda. Filamu imejipa uhuru wake kuhusu mambo haya, na sina ugomvi nayo. Ninachotaka mkichukue ni hiki: mwanadamu huzoea. Jambo la kutisha kwa Tul, na nadhani kwa karani wenu pia, si siku ya kwanza ya kuona mambo yamepinduka. Ni ile siku anapoweza kujimiminia chai bila kuimwaga huku dunia ikiwa bado imepinduka.

Nimesimama mara nyingi mbele ya wagonjwa tunaowafungua bandeji baada ya kuondolewa mtoto wa jicho. Watu hudhani kwamba mgonjwa ataangalia dirishani au atamtafuta mwanawe. Mama mmoja kutoka upande wa Nachingwea aliitazama kwanza mikono yake mwenyewe. Aliigeuza, akatazama viganja, akaigeuza tena, akapitisha kidole gumba juu ya kucha moja moja. Hakusema neno kwa muda mrefu, na binti yake aliyekuwa pembeni naye hakusema. Kama mngekuwa na kamera siku ile, msingehitaji ukurasa hata mmoja wa mawazo yake.

Binti Tandahimba:

Kaka Msomaji, na wengine wote, habari zenu. Nimeiona filamu hiyo mara mbili na ninaipenda, lakini sikubaliani na Fundi Picha kwamba kuvuruga wakati kumeisaidia kwa kila upande.

Watazameni wanawake. Mwanamke katika kisa hiki anaingia kwa sababu ya Tul: kumnasa, kumyumbisha, kumpa tumaini. Tukirudishwa nyuma na kupelekwa mbele, tunashughulika mno na kujua lini ni lini, na hatupati nafasi ya kuuliza mwanamke huyu anataka nini yeye mwenyewe, anaogopa nini, anakula wapi. Kisa kingenyooshwa, pengo hilo lingeonekana mchana kweupe na mwongozaji angelazimika kuliziba. Mpangilio uliovurugwa huficha siri za wahusika, na huficha pia uzembe wa mtunzi. Hadithi yenu ina mke wa karani? Ina mama yake? Kama wapo kwa ajili ya kulia tu anapofukuzwa kazi, msikimbilie mbinu rejeshi.

Kuhusu kiini, mimi naona risasi ilichelewa. Dunia ya Tul ilipinduka siku alipobambikiwa kesi, pale ambapo mla rushwa alibaki ofisini na aliyeikataa rushwa akaingia gerezani. Win Lyovarin ni mwandishi ambaye siasa ya nchi yake imo ndani ya wino wake. Alisomea usanifu majengo kabla ya kujulikana kwa uandishi, na riwaya iliyompa tuzo ya waandishi wa Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 1997 inaifuata historia ya siasa za Thailand kuanzia mapinduzi ya mwaka 1932 hadi mwaka 1992. Mtu wa namna hiyo hapindui macho ya askari kwa ajili ya kutuburudisha. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba kuona juu chini ni kiini, lakini ni kiini kinachokuja kama ushahidi. Macho yanakubali hatimaye kile ambacho maisha yalikwisha kukionyesha.

Sasa nije kwa karani wenu, kwa sababu mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho na mizani naifahamu. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, nilimsindikiza baba kupeleka magunia matatu. Nyumbani tulikuwa tumeyapima kwa mzani wa kuazima wa jirani, na gunia la kwanza lilikuwa na kilo 80 kamili. Kule ghalani lilipopandishwa, mshale ulicheza, ukapita 80, ukarudi, na kabla haujatulia karani akatamka "74" na kuandika. Baba hakubishana. Alikitazama kidole cha karani kilichokuwa kimelalia ukingo wa sahani ya mizani, kisha akanitazama mimi, kisha akaangalia pembeni. Msimu uliofuata sehemu ya korosho zetu ilikwenda kangomba, kwa bei ambayo sote nyumbani tulijua ni ya kutunyonya. Sikitaji chama hicho wala sisemi kwamba vyote viko hivyo. Ninasema tu kwamba ile kangomba ilianzia pale kwenye kidole.

Ndugu Fundi anasema utafuteni msumari. Msumari ndio huo. Sihitaji kumsikia karani wenu akiwaza usiku kucha. Nionyesheni kidole chake kikiwa mbali na sahani, mshale ukitulia peke yake, na wakuu wake wamesimama nyuma yake wanamtazama. Baadaye, atakapokuwa mtu wa kangomba ananunua kwa bakuli uani kwa mtu, nionyesheni kidole kilekile kikiegemea ukingo wa bakuli. Kwa njia hiyo mnaweza kusimulia kwa kunyoosha tangu mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji wa Tandahimba asipotee hata kidogo.

Fundi Picha (Lindi):

Dada, kuhusu wanawake umenishinda na ninakubali. Kuhusu kunyoosha bado nashikilia langu, ila kwa hadithi hii nalegeza kidogo. Tul anafahamika kwa matendo makubwa: bunduki, kukimbia, damu. Matendo makubwa yanavumilia kukatwakatwa. Kidole kwenye sahani ya mizani ni tendo dogo mno, na ili mtazamaji alitambue mara ya pili lazima awe na muda wa kuliona mara ya kwanza. Jambo kama hilo halitaki kuharakishwa wala kurushwa mbele na nyuma. Pengine mnyooshe kisa chote, mkabakize kipande kimoja tu kutoka mwisho na kukiweka mwanzoni: mtu asiyejulikana ananunua korosho kwa bakuli usiku, kwa taa ya simu, na uso wake hatuuoni.

Na jambo la haraka ambalo vikundi vingi hulisahau: mwandikishane na mwenzenu aliyeitunga hadithi. Hata kama ni rafiki, hadithi ni mali yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania kinahitajika kabla ya kupiga picha. Yamalizeni hayo mapema.

Mzee wa Shangani:

Wanangu, amani iwe kwenu. Mjukuu wangu amenisomea maneno yenu yote na ndiye anayeniandikia haya ninayoyasema.

Mimi ndiye niliyeuliza lile swali siku ile barazani. Nimesikia mnasema kwamba nilipotea njiani. Sikupotea. Kijana wetu alikuwa anatafsiri vizuri, na sura ya yule bwana nilikwisha kuishika, mwenye nywele na asiye na nywele. Nilikuwa nimemwona akikataa fedha, kisha nikamwona akiua kwa malipo, na nikataka kuambiwa kama aliyekataa na aliyeua ni mtu mmoja. Macho yalikwisha kuniambia ni mmoja. Nilikuwa nauliza kwa moyo. Nimefanya kazi bandarini miaka mingi, na watu wa namna hiyo nimewaona wawili watatu, nikajiuliza swali hilohilo kuhusu kila mmoja wao na sikupata wa kunijibu.

Siku ya pili yake ilinyesha. Nililala chali kitandani, kichwa nikakining'iniza nje ya ukingo kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, nikatazama mlangoni. Ni kweli, mvua inapanda. Maji yalikuwa yanatoka ardhini, yanalifuata bati, na kuku wa jirani alikuwa ananing'inia juu amejikunyata. Nikakaa hivyo hadi shingo ikauma, na nilipoinuka kizunguzungu kikanishika, mke wangu akaja mbio akidhani nimeanguka. Mimi sijui mambo ya tuzo. Ila yule aliyeandika kitabu, nadhani naye aliwahi kulala hivyo.

Msomaji wa Shangani (Mtwara Mjini):

Mzee wangu, shikamoo, na uniwie radhi. Nililipokea swali lako kama la mtu aliyechanganyikiwa, nikalileta hapa hivyohivyo, na kwa siku kumi na nne nilikuwa nikitafuta jibu la swali ambalo hukuuliza.

Ndugu wote mliojibu, tumekutana jana tukasoma maneno yenu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtunzi wa hadithi, ambaye ni mtu mpole asiyependa kubishana, alinyamaza muda mrefu tulipofika kwenye kidole, kisha akasema kwamba katika hadithi yake karani hana mikono. Tukacheka, lakini alikuwa anamaanisha. Akatuomba tutafute popote pale katika kurasa zake ambapo karani anashika kitu. Tulipekua, tukapata sehemu mbili tu: anashika kalamu, na anashika kichwa chake. Kwa hiyo ameichukua hadithi yake nyumbani kwenda kuipitia upya kabla hatujaandika mstari hata mmoja wa muswada. Ameomba pia, Binti Tandahimba, kama utakuwa radhi akupigie simu akuulize mizani ile ilikuwa ya namna gani, kwa sababu ya sasa ni ya tarakimu na yeye angependa ile ya mshale.

Kuhusu mpangilio wa wakati tumegawanyika. Watano wanakubaliana na pendekezo la Fundi la kipande kimoja mwanzoni, na wanne, nami nikiwamo, tunataka kisa kianzie asubuhi ya kwanza ya karani kazini, na kangomba imjie mtazamaji kama ilivyomjia mwenyewe, bila kupigiwa hodi. Hoja yangu ni ya Mzee. Kama tutauonyesha mwisho kabla ya mwanzo, mtazamaji ataingia akijua kwamba hawa ni mtu mmoja. Ninataka alifikie swali hilo mwenyewe, na limchome kama lilivyomchoma Mzee. Fundi, najua utakuwa na jibu, na ninalisubiri.

Mke wa karani yupo, Dada, na ni kweli kwamba analia katika kurasa mbili na hana kazi nyingine. Mwenzetu mmoja, mwanamke pekee kati yetu tisa, amependekeza mke awe ndiye mbanguaji anayebangua korosho kwa kulipwa kwa kilo, kwa hiyo naye anapimiwa kila jioni, na naye anakijua kidole. Tulipolisikia hilo hatukuendelea na jambo lingine lolote kwa nusu saa.

Jumamosi ijayo tutaiweka tena Headshot kwenye shuka, umeme ukiruhusu. Safari hii nitasimamisha picha kila inaporudi nyuma na kusema tuko wapi, kama yule mfasiri wa kibandani Lindi. Mzee ameahidi kuja mapema, na ameomba kiti chake kiwekwe mbele.